Mkono Uliokimbilia Mlangoni

Nilikuwa kwenye duka la simu jijini Nairobi, muuzaji akinieleza kwa fahari jinsi simu aliyonishikisha inavyopiga picha hata gizani, Lado aliponipigia kutoka Juba. "Dada Mwende," alisema. "Mama Kiden ametuacha. Tunamzika kwake Gumbo. Utakuja?" Nilimwambia nitakuja kabla hajamaliza kuuliza. Nilinunua ile simu bila hata kuomba nipunguziwe, jambo ambalo wanaonijua hawatalisadiki, nikaenda nyumbani kufunga begi. Ndani ya ndege sikuweza kusoma wala kusinzia. Nilikuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka niliokaa mtaa wa Hai Cinema nikisimamia chumba cha gemu, na hasa mchana mmoja wa mwaka huo ambao mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka.

Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo ni marefu na hayana utamu. Inatosha kwamba nilifika Juba nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheti na viatu virefu, nikingoja benki fulani iniite kazini. Benki haikuita. Wakenya wenzangu niliosali nao Jumapili waliniambia nivute subira, lakini subira hailiwi na chapati. Aliyeniokoa ni Abdi, Msomali wa Garissa aliyekuwa na duka la jumla la soda na biskuti kule Hai Jalaba. Alikuwa amefungua chumba cha gemu Hai Cinema, na alitaka mtu wa kukisimamia ambaye, kwa maneno yake, "hana ugonjwa wa gemu." Nilimwapia kwamba sijawahi kuishika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, maishani mwangu. "Mashallah," akasema, "basi kazi ni yako, abaayo." Abaayo kwao ni dada, na ndivyo alivyoniita mpaka tulipoagana.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, kirefu, chenye mlango mkubwa wa mbele na mlango mdogo wa upande. Kwenye ukuta wa mwisho, karibu kabisa na ule mlango mdogo, ilisimama televisheni kubwa juu ya meza, na pembeni mbili ndogo. Kulikuwa na mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za wateja, feni lililosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, na jenereta nyuma lililounguruma kutwa mpaka mtu alizoea kuongea kwa sauti hata akiwa kanisani. Padi zilikuwa nyeusi, herufi zimefutika kwenye vitufe, mpira wa kuwekea kidole gumba umelika hadi chuma. Hakuna aliyezihitaji hizo herufi. Wavulana wale walizijua padi zao gizani, wakichagua ile yenye kitufe kigumu au ile inayovuta kushoto, na ugomvi wa nani ashike ipi ulikuwa mkali kuliko wa mpira wenyewe.

Mfalme wao alikuwa Lado. Alikulia Eldoret, wazazi wake wakimbizi, akarudi Juba akiwa kijana mrefu mwembamba mwenye Kiswahili cha mitaani na dharau ya kutosha mji mzima. Nilimwona mara ya kwanza akicheza, nikasahau kudai malipo ya wateja wengine. Mwili wake haukutikisika hata kidogo. Hakuitazama mikono. Vidole gumba viwili tu ndivyo vilivyosogea, tena kidogo sana, na kule kwenye skrini timu nzima ikakimbia, ikageuka, ikapasiana, ikafunga. Watu waliokuwa nyuma yake wakaruka, mabati yakalia; yeye akapiga mwayo. Mimi niliyeapa kwamba sina ugonjwa wa gemu nilibaki nimeshika kifua, nikijiuliza kitu kidogo kama nia ya mtu kinapitaje kwenye ncha za vidole na waya mbovu mpaka kiwe bao.

Nje, kando ya barabara, alikaa Mama Kiden na jiko lake la makaa, ambalo yeye aliliita kanun. Kiden ni jina lake mwenyewe. Mama ilikuwa heshima tu, maana hakujaliwa mtoto. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye kicheko cha ghafla, aliyekaa Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha huko. Aliuza chai ya tangawizi, kerkede, kile kinywaji chekundu cha maua, na maandazi madogo ya mviringo yanayoitwa legemat. Siku yangu ya kwanza kazini aliniona nikila biskuti za Abdi mchana. Alinitazama tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. "We biniya," akasema, na biniya ni msichana, "hiyo chakula ya mutoto. Kesho wewe kuja kula na mimi." Kesho yake akanipa maharage ya ful yaliyopondwa na vitunguu na mafuta ya ufuta, mkate wa moto pembeni, na tangu hapo hatukuacha kula sahani moja. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule. Sijapata mafuta ya ufuta yanayonukia vile.

Kiangazi ikaja mashine mpya ya gemu, nyeupe. Abdi aliitoa Dubai kwa sababu alikuwa amegundua kwamba nusu ya watu wa Hai Cinema hawaingii chumbani mwake: wanawake, watoto, wazee. "Hawa wote," akasema akilifungua sanduku, "wanaogopa padi." Mashine hii haikuwa na padi. Ilikuwa na fimbo fupi, nyeupe, ya kushika kwa mkono mmoja. Ukiutupa mkono kama mtu anayepiga tenisi, mtu wa kwenye skrini naye anapiga. Ukiielekeza fimbo kwenye televisheni, unatokea mkono mdogo mweupe, na huo mkono unakwenda unakokwenda wewe, unafungua milango ya michezo, unalenga maputo na kuyapasua. Kulikuwa pia na ufito mweusi, mwembamba, wenye waya, wa kuweka juu ya televisheni. Fundi aliyekuwa akipita njia kwenda Kampala ndiye aliyetuunganishia. Alituambia ufito usiguswe. Hakutuambia unafanya nini, nasi hatukuuliza, maana ulikaa tu pale kimya, bila taa, bila sauti.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na nilivisikiliza kutwa nikiwa nyuma ya meza yangu. Watu wa padi walikuwa na hoja. Walisema mchezo ni akili na vidole, kwamba kurukaruka ni kazi ya ngoma. "Mimi sidensi mbele ya TV, manze," Lado alisema. "Mtu akikuona kwa dirisha atasema umeshikwa na malaria." Watu wa fimbo nao hawakuwa na hoja, walikuwa na furaha. Akina mama walitoka kanisani na nguo zao nyeupe wakaingia moja kwa moja wakapiga tenisi, viatu vimewekwa mlangoni. Mzee mmoja mwenye bakora aliiegemeza bakora ukutani, akashika fimbo, akacheza mpaka miaka ya ujana wake ikarudi usoni. Abdi alisimama kati akigawa haki: "Padi ni ya anayejua. Fimbo ni ya kila mtu. Mimi ni mfanyabiashara, mimi ni wa kila mtu."

Mama Kiden alikataa fimbo kwa muda mrefu. Alisema mikono yake imezoea vitu vizito. Siku moja chumba kikiwa kitupu nilimvuta kwa nguvu, nikamfunga kamba ya fimbo kwenye kifundo cha mkono. Aliishika kama mwiko. Nikamwambia aielekeze kule. Mkono mweupe ukatokea. Akausogeza wake kulia, ule nao ukaenda kulia. Akaurudisha, nao ukarudi. Alikaa chini kwenye benchi, pu, fimbo bado mkononi. "Biniya," akanong'ona, "ananisikia." Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kulenga hakujua hata kidogo. Maputo yalipita yakamwacha. Hakujali. Alitaka tu kuupunga mkono na kupungiwa.

Kisha mvua zikaanza. Barabara ya Hai Cinema iligeuka matope, na Abdi, ambaye maneno yake ni makali kuliko roho yake, alimwambia Mama Kiden asogeze biashara kwenye mlango mdogo wa upande, apate kujikinga chini ya mabati. Ilikuwa heri kwa wote. Sasa wateja waliagiza chai bila kuinuka, naye aliweza kutazama michezo akipepea makaa yake, hatua chache tu kutoka kwenye televisheni. Na wiki hiyohiyo mashine nyeupe ikaharibika. Haikuzima. Tenisi ilichezeka kama kawaida, lakini ule mkono mweupe ulianza kuwa na wazimu. Ungeulenga kwenye puto, ukashtuka, ukaruka, ukakimbilia upande wa kulia wa skrini na kupotea. Nilibadilisha betri. Nilifuta fimbo kwa leso yangu. Kuna asubuhi mkono ulitulia kabisa, na kuna saa ulikimbia kila ulipoitwa.

Siku iliyoleta balaa, Lado alikuwa ameshindwa kuvumilia. Watu walimtania kwamba mfalme wa padi anaogopa fimbo, akasema atanishinda mimi, msimamizi, kwenye maputo, mbele ya kila mtu. Chumba kilijaa. Watazamaji wakaagiza chai, Mama Kiden akawa anapepea kwa bidii mlangoni. Zamu yangu ilipita salama kabla makaa hayajakolea. Zamu ya Lado ilipofika, mkono ukakimbia. Akaurudisha, ukakimbia tena. Watu wakacheka, na kwa kijana yule aliyezoea kupigiwa makofi, kicheko kile kilikuwa moto mwilini. Aliufuata kwa macho mkono ule kule unakokimbilia, kulia, kulia, kulia, akamwona Mama Kiden ameinama juu ya jiko lake.

"Cheki!" akapiga kelele. "Mkono inaenda kwake! Huyu mama ameifunga hii kitu. Ni mchawi, aki ya nani!"

Jambo baya ni kwamba wote waliangalia, na wote waliona ni kweli. Mama Kiden aliacha kupepea makaa, mkono ukatulia. Akaanza tena kupepea kwa kutojua la kufanya. Mkono ukaruka mlangoni. Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja aliweka glasi yake chini ikiwa bado imejaa, taratibu, na mwingine akamwaga yake nje. Nilimkemea Lado, nikamwambia huyo ndiye anayekupa chai ya bure ukiwa huna kitu. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kujua alichosema na asiyeweza kukirudisha mdomoni, akatoka.

Kesho yake tulikula ful pamoja, naye akaniambia jambo alilokuwa hajawahi kuniambia. Mume wake alipokufa, wakwe zake walimwita kwa neno hilohilo, na ndilo lililomfanya avuke mpaka akiwa na kanga moja na mtungi. "Hapa Juba hakuna mutu alijua hiyo maneno," alisema akimega mkate asioula. "Mimi nilianza na sufuria moja. Mimi nachemusha chai tu. Sasa kama mimi iko toka hapa, watauliza kwa nini, na watajua. Nitakaa wapi? Hiyo maneno ina miguu, biniya." Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijawahi kuipenda methali hiyo, na siku ile niliichukia.

Alibaki mlangoni, ila alianza tabia mpya iliyoniumiza kuliko matusi. Kila alipomimina chai, alichota kijiko kimoja kutoka kwenye glasi na kukinywa mbele ya mteja kabla ya kumpa, ili aone haina kitu. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Wachache waliobaki walisubiri aonje, wakitazama pembeni, kisha wakapokea. Lado hakunywa kabisa. Alikaa na padi yake, akafunga mabao, na hakuna aliyeruka.

Abdi alikuja mwisho wa juma. Alikaa nami nje, akavua kofia, akaivaa. "Mimi siamini mambo hayo, abaayo. Kwetu ni dhambi kuyaamini. Lakini wanaoamini ni wateja wangu. Mwambie atafute mahali pengine kufikia Jumatatu." Nilimwambia amwambie mwenyewe. Akaenda akamwambia, kwa heshima, akimwita mama kila baada ya neno. Mama Kiden akaitikia: "Ma fi mushkila, ya Abdi." Hakuna shida. Akaanza kufunga glasi zake moja moja kwenye magazeti.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, wavulana wako nje kwenye jua. Mashine nyeupe ilikuwa imewashwa, kwani Abdi alipenda skrini kubwa isilale. Nilitaka picha. Nilikuwa na simu ndogo ya bei rahisi, yenye kamera iliyofanya kila uso uwe wa majivu, na nilimwomba Mama Kiden akae mlangoni kama kawaida, na jiko lake mbele, televisheni pembeni, ili nimkumbuke mahali pake. Akakaa, akajitanda vizuri, akajaribu kutabasamu. Nikainua simu.

Kwenye kile kioo kidogo cha simu, ufito mweusi ulikuwa unawaka.

Nilishusha simu. Ufito ulikuwa mweusi, kimya, bila taa, kama siku zote. Nikainua tena. Pale, kwenye ncha zake mbili, kulikuwa na vitaa vya rangi ya zambarau, vimepangana, vinang'aa waziwazi. Nikashusha: giza. Nikainua: mwanga. Nadhani nilifanya hivyo mara nyingi, kwa sababu Mama Kiden aliniuliza kama simu ina dawa. Ndipo nilipoigeuzia simu kwake kumjibu, nikaona jiko. Makaa yalikuwa yamefunikwa majivu. Kwa macho yangu yalikuwa ya kijivu, yamechoka. Kwenye simu yalikuwa yamejaa zambarau ileile. Jiko la Mama Kiden na ufito wa Dubai vilikuwa vinasema lugha moja, mbele ya pua zetu, tangu mvua zianze, na hakuna hata mmoja wetu mwenye macho ya kuisikia. Sijui kama nimewahi kusali kwa dhati kama nilivyosali wakati ule, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu: kumbe.

Nilishika fimbo. Nikachukua sinia la Mama Kiden nikalisimamisha kati ya jiko na mimi. Mkono mweupe ukatulia katikati ya skrini. Nikaliondoa, ukakimbilia mlangoni. Nikaweka, nikaondoa. Kisha nikatoka nje nikaita kila mtu, kwa sauti ya jenereta.

Walikuja wakiburuta miguu, Lado nyuma kabisa, Abdi na tasbihi mkononi. Niliwapitishia simu, kila mmoja akaangalia ufito kwa macho, kisha kwa simu. "Wallahi," Abdi akasema, akaangalia tena. Nikawaeleza kwamba fimbo haituoni sisi. Inatafuta mwanga wa ufito, mwanga tusiouona, ili ijue televisheni iko wapi. Na moto nao una mwanga huo. Mtu mmoja akasema hayo ni maneno, na sinia linaweza kuwa na dawa pia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejua dakika chache tu zilizopita. Basi nikafunga mlango mdogo ili jiko libaki nje, nikauchomoa ufito kwenye mashine. Mkono mweupe ukatoweka. Nilielekeza fimbo huku na huku, hakuna kitu. Nikamwomba Abdi mishumaa.

Alileta miwili kutoka duka la jirani. Mama Kiden mwenyewe aliiwasha kwa kaa alilolishika na koleo lake, kisha nikaisimamisha juu ya televisheni, mmoja kila upande, pale ufito ulipokuwa unaishia. Nikaufunga tena mlango mdogo. Nikampa fimbo Mama Kiden. Hakutaka. Nikamfunga kamba kwenye kifundo kama siku ile ya kwanza, naye akaielekeza.

Mkono mweupe ukatokea. Ulikuwa ukitetemeka kidogo, kwa kuwa ndimi za mishumaa nazo zilitetemeka, lakini ulikuwepo. Mama Kiden akausogeza wake kulia, ukaenda kulia. Akaurudisha, ukarudi. Wavulana walioijua kila siri ya padi walisimama midomo wazi mbele ya mishumaa ya dukani. Abdi alisema "Subhanallah" kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba anasikika. Nami nikawaza kwamba watu hawa hawakukosea walichokiona. Mkono ulikuwa ukimkimbilia Mama Kiden kweli. Walikosea sababu tu, na kwa kosa hilo dogo walikuwa karibu kummaliza mtu.

"Kumbe hapana mimi," Mama Kiden alisema, macho kwenye skrini. "Ni moto. Ilikuwa napenda moto yangu."

Kisha akavua kamba, akatoka mlangoni, akaanza kufungua glasi kutoka kwenye magazeti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lado alimfuata. Alisimama mbele yake, urefu wote ule, hajui mikono aiweke wapi bila padi. "Mama, nipe chai," akasema. Alimimina, akaweka sukari nyingi kama anavyoijua, akachukua kijiko ili aonje. Lado akamshika mkono. "Usionje, Mama." Akakichukua kijiko, akakiweka chini. "Usionje tena chai ya mtu yeyote." Akachukua glasi ikiwa inatoka moshi, akainywa yote palepale mbele yetu, akiungua, machozi yakimtoka, na sijui yalikuwa ya moto au ya nini. Akairudisha, akaomba nyingine. Nyuma yake watu wakapanga foleni.

Abdi aliigeuza televisheni ukuta wa pili, mlango mdogo ukabaki wa Mama Kiden. Mwisho wa mwaka ule benki ilinikumbuka, nikaondoka Hai Cinema, baadaye Juba yenyewe. Nimefanya kazi kwenye ofisi zenye mazulia, nimeona mashine za kila aina, na bado najikuta nikitazama vitu vilivyokaa kimya nikijiuliza vinawaka nini ambacho sikioni. Hiyo ndiyo faida niliyotoka nayo kwenye chumba kile. Mshahara ulikwisha zamani.

Tulimzika asubuhi, Gumbo, karibu na nyumba ndogo aliyoijenga kwa chai. Baadaye waombolezaji walikaa uani, na ndani watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye televisheni, kila mmoja na padi yake, vidole gumba vikienda, miili imetulia. Mmoja wao ni binti wa Lado, aliyempa jina la Kiden. Lado, ambaye sasa ana kitambi na miwani, aliniona nikiwatazama. "Si nilikuambia, Dada? Fimbo ilikuwa ya muda. Padi ndiyo imebaki." Nikamwambia ameshinda vita. "Nimeshinda," akakubali, bila furaha yoyote.

Alikuwa ameketi mlangoni, mbele ya kanun la Mama Kiden, akiwachemshia wageni chai yeye mwenyewe. Nilitoa simu yangu mpya nikaielekeza kwenye makaa. Majivu matupu. Muuzaji alikuwa amenisifia macho ya simu ile kwa nusu saa nzima, nayo haikuona kitu, na moyo ukaniuma zaidi ya makaburini. Binti yake Lado akaja mbio, akaniambia anataka tupige picha sisi wawili. Akagusa kioo kwa kidole chake, jicho dogo la mbele, ambalo muuzaji hata hakulitaja, likatutazama sisi, akaegemea bega langu. Nyuso zetu zikajaa kioo, na nyuma yetu, chini, kwenye jiko la majivu, ikawaka zambarau.

"Shangazi, hiyo ni nini?" mtoto akauliza.

Lado aliinama akaangalia. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, akamimina chai, akaweka sukari nyingi, akaninyoshea glasi.

"Sijaonja, Dada," akasema.

"Najua," nikamjibu, nikainywa yote ikiwa ya moto.